Said bin Sultan

Said bin Sultan Al-Busaidi (5 Juni 1791 – 19 Oktoba 1856), anayejulikana zaidi kama Seyyid Said, alikuwa mtawala wa Omani na Zanzibar kuanzia mwaka 1806 hadi kifo chake. Alihamishia makao yake kutoka Maskati hadi kisiwa cha Unguja na kuweka chini ya bendera yake sehemu kubwa ya pwani ya Afrika ya Mashariki.

Anakumbukwa hasa kwa mkarafuu, mti wenye harufu nzuri ambao vichipukizi vya maua yake, vikikaushwa kabla ya kufunguka, ndiyo karafuu. Mara nyingi anaitwa baba wa karafuu za Zanzibar. Sifa hiyo ni kweli kwa nusu tu. Mti ulikuwa umekwisha kufika Unguja kabla yake, na waliousafishia pori, kuupalilia na kuuchuma walikuwa watu wengine, wengi wao watumwa. Jambo lililokuwa lake ni uamuzi wa kuufanya mti mmoja kuwa tegemeo la nchi nzima.

Ujana na kushika madaraka

Said alizaliwa Samail, ndani ya Omani, akiwa mwana wa Sultan bin Ahmad aliyetawala Maskati. Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804. Said na kaka yake Salim walikuwa bado vijana, na mamlaka yakaangukia mikononi mwa ndugu yao Badr bin Saif. Shangazi yao, Moza bint Ahmad, alikuwa mwanamke mwenye nguvu katika ukoo na alimsimamia Said katika miaka hiyo ya hatari. Mwaka 1806 Said, akiwa na umri wa miaka 15, alimuua Badr na kushika utawala. Salim alibaki mshirika wake kwa jina hadi alipofariki mwaka 1821.

Miaka iliyofuata ilijaa vita katika Ghuba na mashambulizi ya Mawahabi kutoka bara Arabu. Said alijifunza mapema kutegemea urafiki wa Waingereza waliotawala Uhindi. Hakujiita imamu kama baadhi ya waliomtangulia. Alitumia cheo cha Seyyid, na jina la sultani alipewa zaidi na wageni.

Kuelekea Unguja

Omani ilikuwa na madai juu ya pwani ya Afrika tangu ilipowafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, lakini miji mingi ilijitawala. Wapinzani wakubwa wa Said walikuwa Wamazrui wa Mombasa. Mnamo 1823 majeshi yake yaliwaondoa Pemba. Mombasa yenyewe iliendelea kumpinga kwa miaka mingi, na Ngome ya Yesu iliingia mikononi mwake kabisa mwaka 1837.

Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Aliona kisiwa chenye bandari nzuri, maji matamu na mvua za kutosha, kinyume cha Maskati iliyobanwa kati ya bahari na milima mikavu. Tangu miaka ya 1830 alikaa Unguja kwa vipindi virefu zaidi na zaidi, na kufikia 1840 ilikuwa wazi kwamba hapo ndipo makao makuu ya dola yake.

Mkarafuu kabla ya Said

Asili ya mkarafuu ni visiwa vichache vya Maluku, vikiwemo Ternate na Tidore, katika Indonesia ya leo. Katika karne ya 17 kampuni ya Waholanzi ilijaribu kuimiliki biashara yote. Iliruhusu upandaji katika eneo la Ambon na kuamuru mikarafuu ya kwingineko ikatwe. Ukiritimba huo ulivunjwa na Wafaransa. Mwaka 1770 Pierre Poivre, msimamizi wa kisiwa cha Mauritius, alifanikiwa kuleta miche iliyotolewa Maluku kwa siri. Kutoka Mauritius mti ulienea hadi Réunion.

Kutoka katika visiwa hivyo vya Wafaransa ndipo mkarafuu ulipofika Unguja, katika miaka ya 1810. Masimulizi yanamtaja Saleh bin Haramil Al-Abri, Mwarabu aliyekuwa na uhusiano wa kibiashara na Wafaransa, kuwa ndiye aliyeuleta na kuupanda katika mashamba yake ya Mtoni na Kizimbani. Afisa Mfaransa aliyetembelea Unguja mwaka 1819 aliikuta mikarafuu tayari ikikua.

Saleh hakufaidi mavuno kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kundi lililoshindana na watu wa Said katika siasa za Unguja, na alituhumiwa kuendelea kuwauzia Wafaransa watumwa baada ya mkataba wa mwaka 1822 uliokataza jambo hilo. Said alimnyang'anya mali, na mashamba ya Mtoni na Kizimbani yakawa ya mtawala. Kwa hiyo mikarafuu ya kwanza ya "baba wa karafuu" ilikuwa imepandwa na mtu mwingine.

Amri ya kupanda

Bei ya karafuu wakati huo ilikuwa juu sana, kwa sababu duniani wauzaji walikuwa wachache. Said aliona kwamba Unguja ingeweza kuuza kwa faida kubwa, akaanza na mashamba yake mwenyewe. Kisha akawasukuma wenye ardhi wengine. Simulizi mashuhuri zaidi inasema aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe shamba.

Hata bila amri, faida ya miaka ya mwanzo ilitosha kuwavuta watu. Katika miaka ya 1830 na 1840 Waarabu waliohamia kutoka Omani, pamoja na baadhi ya Waswahili wenye mali, walisafisha misitu ya magharibi na kaskazini-magharibi mwa Unguja na kujaza vilima vyake mikarafuu. Minazi ilikatwa kupisha mti mpya. Mashamba ya chakula yalipungua, na kisiwa kilichowahi kuuza chakula nje kikaanza kuagiza mchele na nafaka. Said pia alijaribu miwa, bila mafanikio ya kulingana na ya karafuu.

Upanuzi huo ulikuwa na kasoro iliyojificha ndani ya mti wenyewe. Mkarafuu haulipi haraka. Aliyepanda akitazama bei ya mwaka ule alivuna miaka saba au minane baadaye, wakati jirani zake wote nao walikuwa wakivuna. Kufikia miaka ya 1840 karafuu zilijaa sokoni na bei ikaanguka vibaya. Wenye mashamba wengi waliweka ardhi zao rehani kwa wafanyabiashara Wahindi wa mjini, na wengine hawakuikomboa tena. Said, aliyekuwa na mashamba mengi kuliko wote, alipata hasara hiyo pia, lakini yeye alikuwa na mapato ya forodha.

Malezi ya mti

Ili kuelewa kwa nini karafuu ilidai ardhi na watu wengi kiasi hicho, inafaa kujua jinsi mti unavyotunzwa.

Mkarafuu huoteshwa kwa mbegu, na mbegu hiyo haihifadhiki. Ua likiachwa bila kuchumwa hugeuka tunda dogo la zambarau lenye mbegu moja, ambayo hupoteza uhai ikikauka. Hupandwa ikiwa mbichi, katika kitalu chenye kivuli na kinachomwagiliwa. Hii ni sababu mojawapo iliyowawezesha Waholanzi kuulinda ukiritimba wao kwa muda mrefu: mtu asingeweza kutia mbegu kavu mfukoni na kuipanda nchi ya mbali baada ya miezi kadhaa ya safari. Ilibidi miche yenyewe isafirishwe ikiwa hai.

Mche hukaa kitaluni zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuhamishiwa shambani. Huko unahitaji nafasi ya mita sita au zaidi pande zote, udongo wenye kina usiotuamisha maji, na mvua nyingi. Ndiyo maana mikarafuu ya Unguja ilikaa magharibi. Upande wa mashariki, penye mawe ya matumbawe na udongo haba, mti haustawi. Katika miaka ya kwanza jua kali na magugu huua miche mingi, hivyo wakulima huipanda pamoja na migomba au muhogo ili kuipatia kivuli, na palizi hurudiwa mara nyingi. Mche uliokufa hupandiwa mwingine, ambao nao huanza kuhesabu miaka yake upya.

Mti huanza kutoa karafuu ukiwa na miaka sita hadi minane, na huzaa kwa wingi baada ya miaka 15 au 20. Baadhi ya mikarafuu huishi zaidi ya miaka 100. Mavuno hayalingani mwaka hadi mwaka. Baada ya mwaka wa neema mara nyingi mti hupumzika.

Kazi kubwa zaidi ni uchumaji. Vichipukizi huchumwa vikiwa vimejaa na kuanza kugeuka kutoka kijani kuwa vyekundu, kabla ya kufunguka. Ua likishafunguka thamani yake imekwisha. Mashada ya mti mmoja hayapevuki siku moja, hivyo wachumaji huurudia mti uleule mara kadhaa katika msimu. Matawi yake ni mepesi kuvunjika, na mchumaji aliye juu mita kumi huyavuta kwake kwa kamba na kulabu. Kuanguka kutoka mkarafuuni ni ajali ya zamani na bado hutokea.

Jioni karafuu huchambuliwa, yaani hutenganishwa na makonyo, kisha huanikwa juani kwenye mikeka au sakafu kwa siku kadhaa. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Mvua ikizipata kabla hazijakauka, au zikirundikwa zikiwa mbichi, huharibika na kuwa mpeta, karafuu hafifu isiyo na bei. Kwa hiyo katika msimu kila mkono hutakiwa kwa wakati mmoja.

Watumwa na Wahadimu

Mikono hiyo ilipatikana kwa utumwa. Watu walitekwa au kununuliwa katika nchi za ndani, hasa karibu na Ziwa Nyasa, wakapelekwa Kilwa na kusafirishwa kwa majahazi hadi Unguja. Sehemu kubwa ya biashara ya nje ya watumwa ilikuwa inabanwa na Waingereza. Mkataba wa 1822 ulikataza kuwauzia Wakristo watumwa, na mkataba mwingine uliotiwa sahihi mwaka 1845 na kuanza kutumika 1847 ulizuia kuwapeleka Arabuni kutoka Afrika. Usafirishaji kati ya bandari za Said mwenyewe katika Afrika haukukatazwa. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yale waliyoyatarajia wapinga utumwa, kwani watu ambao wangeuzwa mbali sasa walitumikishwa Unguja na Pemba, na zao walilolilima ndilo lililouzwa nje. Mikataba na mikarafuu viliendana.

Katika shamba, watumwa walifanya kazi siku tano hivi kwa wiki na kuachiwa siku zilizobaki kulima vipande vyao vya chakula. Msimu wa karafuu ulipofika utaratibu huo ulilegea na kazi ikaongezeka. Vifo vilikuwa vingi, na idadi yao ilidumishwa kwa kuletwa wengine kila mwaka.

Wenyeji wa Unguja, Wahadimu, waliokuwa na mtawala wao wa jadi aliyeitwa Mwinyi Mkuu, hawakufanywa watumwa, lakini walilipa gharama ya aina nyingine. Ardhi nzuri ya magharibi iligeuka mashamba ya watu wengine, nao wakabaki zaidi upande wa mashariki na kusini penye mawe. Walitozwa kodi na baadhi yao walitakiwa kutoa nguvukazi. Mgawanyo huo wa ardhi ulidumu zaidi ya miaka 100 na ni mojawapo ya mizizi ya siasa kali za Zanzibar katika karne ya 20.

Biashara na mikataba

Karafuu ilikuwa sehemu moja tu ya utajiri wa Said. Pembe za ndovu zilizobebwa na wapagazi wa misafara, wengi wao Wanyamwezi, zilimpa mapato makubwa, pamoja na sandarusi. Forodha aliikodisha kwa wafanyabiashara Wahindi. Maarufu kati yao alikuwa Jairam Shivji, aliyemlipa kiasi maalumu kila mwaka na kujikusanyia ushuru.

Alifanya mikataba ya biashara na Marekani (1833), Uingereza (1839) na Ufaransa (1844). Wamarekani, hasa kutoka mji wa Salem, walileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo kina jina la merikani. Mwaka 1840 Said alituma New York merikebu yake Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na shehena ya karafuu, pembe, ngozi, kahawa na tende.

Nyumbani

Said aliishi zaidi katika jumba la Mtoni, kando ya bahari kaskazini mwa mji, katika ardhi ileile iliyokuwa ya Saleh bin Haramil. Alikuwa na masuria wengi, na alipofariki aliacha watoto 36 walio hai. Mmoja wao, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete na kuandika kumbukumbu zilizochapishwa mwaka 1886. Kitabu hicho kinataja mashamba 45 ya baba yake na kinaeleza maisha ya jumba hilo kwa undani, ingawa kuhusu utumwa kinauona kwa macho ya bintimfalme. Kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, Shahrzad, Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850, katikati ya mashamba. Jengo hilo bado lipo.

Kifo

Mwaka 1854 mwanawe Khalid, aliyekuwa akimshikia nafasi Unguja, alifariki. Said mwenyewe alikuwa Omani akishughulikia ugomvi na Waajemi. Alipoanza safari ya kurudi mwaka 1856 aliugua njiani, akafariki tarehe 19 Oktoba ndani ya merikebu, karibu na Shelisheli. Salme anasimulia kwamba baba yake alikuwa amepakia mbao za jeneza kabla ya kuondoka Maskati. Mwanawe Barghash, aliyesafiri naye, aliushusha mwili usiku na kuuzika kwa siri, akijaribu kushika madaraka kabla habari hazijaenea. Hakufanikiwa. Majid alitawala Zanzibar na Thuwaini akabaki na Maskati.

Barghash alijaribu tena mwaka 1859 na kujihami katika shamba la Marseilles lililokuwa la Khalid, hadi alipofukuzwa kwa msaada wa mabaharia Waingereza. Mwaka 1861 Waingereza waliamua kwamba dola igawanywe kabisa, na Zanzibar iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka.

Said alizikwa Makusurani, katika Mji Mkongwe. Jengo lililoanzwa juu ya kaburi lake halikukamilishwa.

Mikarafuu baada yake

Mnamo Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, ikiwemo iliyopandwa wakati wa Said. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa karafuu ziliadimika, bei ilipanda, na wenye ardhi wa Pemba wakapanda zaidi. Tangu hapo Pemba, yenye vilima na mvua nyingi kuliko Unguja, ndiyo imekuwa nchi ya karafuu. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1873 na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa mwaka 1897, chini ya ulinzi wa Waingereza. Waliokuwa watumwa wengi walibaki kwenye mashamba yaleyale kama wachumaji wa ujira au wakaaji waliopalilia mikarafuu ya mwenye shamba na kuruhusiwa kulima chakula chini yake.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ilitaifisha mashamba makubwa na kuwagawia wananchi eka tatu tatu pamoja na mikarafuu iliyokuwamo. Ununuzi wa karafuu uko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kuvusha karafuu kwa magendo ni kosa la jinai. Kizimbani, mahali ambapo Saleh bin Haramil alipanda na Said akachukua, pana kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali. Miche ya mikarafuu bado huoteshwa kwa ajili ya wakulima, kwa mbegu mbichi na chini ya kivuli.